Plagi Husomwa Katikati ya Mto

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kopo la maziwa ya unga lililojaa plagi kuukuu, nikaambiwa nizipange. Sikuambiwa nizipange vipi. Ilikuwa Kipini, katika karakana ya boti za idara ya serikali, banda la mabati lililokuwa hatua chache tu kutoka majini. Aliyenipa kopo hilo alikuwa Fundi Mkuu, mzee wa pale pale Kipini, mwenye kikoi safi na mikono ambayo oili ilikuwa imeshahamia ndani ya ngozi. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Ngao jana yake, na cheti cha chuo cha ufundi nimekikunja vizuri mfukoni. Basi nikazipanga kwa urefu, ndefu huku, fupi kule, nikajiona nimefanya kazi safi.

Fundi Mkuu alikuja, akatazama, akacheka mpaka tambuu ikataka kumtoka.

"Ndoo hapa, mwanangu," aliniambia kwa Kiswahili chao cha pwani. "Mngu amekupa mato mawili, wewe watumia rula."

Akazimwaga zote, akaanza kuzipanga upya kwa rangi. Nyeusi, kijivu, kahawia, nyeupe. Siku ile nilijifunza kwamba plagi haisemi lolote kwa umbo lake, na kwamba cheti changu kilikuwa hakijui kitu.

Kwa kijana ambaye hajawahi kuifungua mashine ya boti, nieleze kidogo. Plagi ndicho kile kidude kinachotoa cheche ndani ya silinda ili petroli iwake. Ncha yake imezungukwa na kaure nyeupe, ngumu kama ya kikombe cha chai. Kwa kuwa inakaa ndani ya moto wenyewe, mambo yanayotendeka mle humo huacha alama juu ya hiyo kaure. Ikitoka nyeusi kwa masizi, ujue petroli ni nyingi na hewa ni kidogo, na mashine itakohoa na kuwa nzito. Ikitoka nyeupe kama chaki, petroli ni kidogo, moto ni mkali kupita kiasi, na pistoni, ambayo ni ya aluminiamu, iko karibu kuyeyuka. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, funga mashine yako na umshukuru Mungu. Dawa yake iko kwenye kabureta, ambako kuna kijitundu cha shaba kiitwacho jeti kinachoipimia silinda petroli yake. Ukitaka petroli ipungue unaweka jeti yenye tundu dogo, ukitaka iongezeke unaweka yenye tundu kubwa.

Nilikaa Kipini miaka minne. Sioni haya kusema kwamba nilikuwa mwanafunzi mzuri, kwa sababu waliosema kinyume chake hawapo. Ilifika mahali Fundi Mkuu ananipa plagi bila kuniambia imetoka wapi, nami namtajia boti, silinda, na kama nahodha wake ana mkono mzito. Mara mbili tatu nilikosea, na alinikumbusha hizo mara mbili tatu kila siku ya Mungu.

Kulikuwa na jambo moja tu lake ambalo sikulitilia maanani. Kila tulipojaribu mashine, alikuwa akitoka hadi bahari wazi, anaifungulia mashine yote kwa dakika kadhaa, kisha anaizima ghafla pale pale, mbio zikiwa zimepamba moto. Hapo ndipo alipofungua plagi na kuzisoma, boti ikielea. Baadaye tunawasha na kurudi polepole. Sikumuuliza kwa nini. Niliona ni mzee anayependa kutafuna tambuu yake mahali penye utulivu, mbali na kelele za karakana. Nilipaswa kuuliza, na makosa hayo ni yangu, si yake.

Baadaye Mkuu wa Idara alinipa uhamisho kwenda Garsen. "Huko kuna boti moja tu," aliniambia, "lakini hiyo moja ina kazi kuliko hizi zote." Fundi Mkuu alinisindikiza hadi kwenye gari na kunipa bisibisi yake ya kabureta. Sikumwona tena, kwani alifariki mwaka uliofuata.

Boti ya Garsen ilikuwa nyembamba, nyepesi, na nyuma yake imefungwa mashine ya silinda tatu yenye nguvu za farasi tisini. Kazi yake ilikuwa kuwafikisha wagonjwa wa vijiji vya mtoni hospitali ya Ngao pale barabara zinapokatika, na kuwaokoa watu mafuriko yanapofika. Msimamizi wa Karakana alikuwa mtu wa bara, mrefu, asiyekaa kitini. Asubuhi ya kwanza alinipeleka mpaka mtoni na kunionyesha boti.

"Hii ikichelewa, mtu anakufa," alisema. "Mimi sitaki boti ya kutembea. Nataka ya kukimbia. Wewe fundi wa kutoka Kipini, umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, na kuambiwa na mkubwa wako kwamba anataka mbio ni kama kumwambia mbuzi kwamba shamba halina ua.

Nahodha wa boti alikuwa Komora, Mpokomo mwenzangu, aliyenizidi kama miaka kumi. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayeujua mto kwa kila kona na kila gogo lililozama. Tulizungumza Kipokomo, na maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili. Yeye ndiye aliyechanganya oili. Mashine za wakati ule hazikuwa na tangi la oili, hivyo nahodha alipima oili kwa kikombe na kuimwaga kwenye dumu la petroli, kisha analitikisa. Kikombe kikisahauliwa, pistoni hukauka na kuungua.

Nikaanza kuitengeneza mashine ile kama nilivyojua. Komora aliipeleka mbio hadi upande wa Wema na kurudi, nami nikamngoja gatini na spana yangu. Nilifungua plagi, zikatoka nyeusi. Nikapunguza jeti. Akaenda tena, zikarudi nyeusi bado, ingawa boti ilikuwa imeongeza mwendo. Nikapunguza tena. Mara ya tatu plagi zilianza kukaribia rangi ya chai, na boti ilikuwa inapaa juu ya maji. Msimamizi alisimama ukingoni ameshika kiuno, akicheka peke yake. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Wiki tano baadaye pistoni ya silinda ya juu ilitoboka.

Niliifungua mashine, nikatazama pistoni iliyoungua, nikatazama plagi. Plagi zilikuwa za kahawia iliyokolea, nzuri kabisa. Kwa akili yangu, petroli haikuwa na kosa, basi kosa lilikuwa la oili. Nikaandika ripoti, nami naikumbuka neno kwa neno: mchanganyiko wa oili haukutosha. Komora akapewa barua ya onyo. Aliipokea, akaikunja, akasema tu kwamba yeye alipima kikombe kama kawaida. Sikumwamini. Nilikuwa nimeziona plagi kwa macho yangu.

Tuliweka pistoni mpya, na mimi nikairudisha kabureta kwenye jeti zile zile nilizojivunia. Mwezi wa pili haukwisha. Mara hii mashine ilikufa boti ikiwa na mama mjamzito ndani, kati ya Wema na Ngao, uchungu umeshamshika. Komora alichukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akaisukuma boti nzima kwa mikono hadi Ngao. Yule mama alijifungua salama muda mfupi baada ya kufikishwa. Komora alirudi viganja vimechunika.

Msimamizi alituita wote wawili ofisini.

"Hii mashine imekufa mara ya pili," alisema. "Karibu mtu afe. Mtu wa oili ni nani? Ni Komora. Fundi ameandika. Basi. Ijumaa naandika barua, na wewe Komora unaenda nyumbani."

Komora hakujitetea. Alikuwa na watoto sita, na kazi ile ndiyo aliyokuwa akiifanya tangu ujana wake. Jumatano jioni alikuja kwangu, akakataa kuingia, akasimama mlangoni.

"Buya," aliniambia, "wewe ndiye uliyeandika. Mashine umeshaitengeneza tena. Kesho njoo tupande wote, uone ninavyochanganya oili kwa macho yako. Ukiona nimekosea, nitaondoka mwenyewe kabla ya hiyo Ijumaa."

Niseme ukweli, nilikubali ili nimshike. Nilitaka kuona kile kikombe kikipunjwa.

Alhamisi asubuhi alipima oili mbele yangu, kikombe kimejaa mpaka ukingoni, akalitikisa dumu mpaka jasho likamtoka. Hapakuwa na kasoro. Nilifunga plagi mpya, kwa sababu ya zamani hubeba masizi ya juzi na kukudanganya, tukaondoka. Komora akaifungulia mashine yote kwenye kipande kilichonyooka, na upepo ukanitoa machozi. Tulienda, tukageuza, tukarudi kwa mbio zile zile.

Kisha, tulipokaribia Garsen, akapunguza mwendo.

Ilikuwa lazima apunguze. Mto wetu wa Tana una adabu zake, na mtu aliyezaliwa kando yake huzifuata bila kufikiri. Palikuwa na mtumbwi uliosheheni ndizi, maji yakibakia inchi mbili tu kuingia ndani, na wimbi la boti yetu lingeuzamisha. Mbele kidogo wanawake walikuwa wakifua na kuchota maji, na wafugaji wa Kiorma walikuwa wananywesha ng'ombe. Hapiti mtu mbio mahali kama hapo, labda awe hana mama. Kwa hiyo tukatambaa, mashine ikinguruma polepole, ikitema moshi, kwa muda wa robo saa nzima hadi gatini. Komora alisalimiana na kila mtu. Nami nilisalimiana nao, kisha katikati ya salamu nikanyamaza.

Mashine inapotambaa hula petroli nyingi kuliko inayoweza kuchoma, na plagi hupata masizi. Hilo nililijua tangu Kipini. Nilichokuwa sijawahi kujiuliza ni kwamba robo saa ya kutambaa inatosha kufuta kila alama iliyoachwa na zile mbio. Plagi zote nilizozisoma Garsen zilikuwa zikinisimulia habari za hapa gatini. Habari za mbio sikuwa nimezisoma hata siku moja. Nikamkumbuka Fundi Mkuu akizima mashine bahari wazi, na mimi nikidhani anataka kutafuna tambuu.

"Geuza," nilimwambia Komora. "Turudi kwenye ule mnyooko. Ukiwa katika mbio za mwisho, zima mashine. Usipunguze. Zima."

"Nizime wapi?"

"Katikati ya mto."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni. Kwenye Tana mashine haizimwi katikati ya mto. Maji yanakuchukua yatakako, magogo yanakuja yamejificha, na pale tulipotaka kuzima palikuwa na familia ya viboko ambayo kila nahodha aliijua.

"Baba yangu hakuwahi hata kuweka kafi chini katikati ya mto," alisema.

"Nahodha, kesho ni Ijumaa."

Akageuza.

Aliifungulia mashine yote, nami nikahesabu kimoyomoyo hadi mia mbili, nikainua mkono. Alizima. Kimya kilikuwa kikubwa, kisha wimbi letu wenyewe likatufikia kwa nyuma na kutulowesha mgongo. Boti ikaanza kuyumba na kufuata maji. Komora alikuwa ameshasimama na upondo mkononi, macho yako kwa viboko. Nilishika plagi ya juu kwa kitambaa, nikaifungua ikiwa ya moto, nikaigeuza kwenye mwanga.

Ilikuwa nyeupe kama chaki. Na juu ya kaure kulikuwa na chembe ndogo zinazong'aa, ndogo kuliko punje za chumvi. Zile chembe zilikuwa pistoni yangu mpya ikianza kuyeyuka. Mashine ile ilikuwa na njaa ya petroli, na aliyeinyima ni mimi, jeti baada ya jeti, huku nikichekelea. Oili ya Komora haikuwa na kosa tangu siku ya kwanza.

Nilifungua ya pili na ya tatu ili nipate muda. Zilikuwa vilevile. Nataka vijana waelewe kilichokuwa kichwani mwangu wakati ule, kwa kuwa ni rahisi kujisifu nikiwa mzee. Komora hakujua kusoma plagi. Ningeweza kusema sijaona kitu, nikabadilisha jeti kimyakimya jioni ile, na mashine isingekufa tena. Kila mtu angesema: mnaona, Komora ameondoka na mashine imepona. Jina langu lingekuwa kubwa zaidi. Niliwaza hivyo, naona aibu hadi leo kwamba niliwaza hivyo, na nadhani niliwaza kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka.

"Vipi?" Komora aliuliza, bila kuondoa macho kwa viboko.

"Ni mimi," nilisema. "Si oili. Mimi ndiye niliyeiua mashine mara zote mbili. Plagi nilizisoma mahali pasipostahili."

Kiboko mmoja, yule dume, alikuwa amezamisha kichwa.

"Hayo utayasema na ofisini?"

"Nitayasema leo."

"Basi funga plagi zako tuondoke," alisema. "Huyu mnyama hangoji maungamo."

Mchana ule niliingia ofisini na kuziweka zile plagi tatu juu ya karatasi nyeupe mbele ya Msimamizi. Nilimwonyesha rangi, nikamwonyesha zile chembe, nikamweleza habari ya kutambaa na ya kuzima katikati ya mto. Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza alikaa, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona amekaa.

"Wewe ungenyamaza," alisema polepole. "Hakuna mtu angejua."

"Nimeshamwambia Komora," nilimjibu.

"Sasa mimi niandike nini?"

"Andika jina langu mahali ulipotaka kuandika lake."

Aliandika. Barua ya kumfukuza Komora haikuandikwa tena, na ile ya onyo ikaondolewa kwenye faili. Mimi nilishushwa daraja na kunyang'anywa funguo za karakana. Ila Msimamizi hakunitoa kwenye ile boti. "Umeiharibu wewe, utaitengeneza wewe," alisema, na kwa hilo namshukuru.

Tulizima mashine katikati ya mto mara nane wiki ile, mimi na Komora. Nilipanda jeti moja moja, kila moja na tundu kubwa kidogo kuliko ya kabla yake, hadi kaure ikatoka na rangi ya chai ya maziwa katika silinda zote tatu, zimefanana kama watoto pacha. Mvua za huko juu, mto unakotoka, zilikuwa zimeshaanza, na baada ya siku chache mto ukavunja kingo. Boti ile ilifanya kazi siku tisa mfululizo, kuanzia alfajiri hadi jua kuzama, ikipanda maji yenye nguvu ambayo boti nyingine zilishindwa. Tuliwatoa watu juu ya paa na juu ya miembe, pamoja na kuku wao na magodoro yao, na bibi mmoja aliyekataa katakata kuacha kinu. Kila jioni tulizima katikati ya maji nikafungua plagi, na kila jioni nilitabasamu peke yangu. Sijawahi kutengeneza mashine nzuri kuliko ile, wala simjui aliyewahi.

Tangu hapo ikawa desturi ya karakana ya Garsen: mashine ya mbio hurekebishwa kwa kuzima katikati ya maji, nahodha akiwa na upondo mkononi. Manahodha waliipa jina, kusalimia viboko. "Leo tunaenda kusalimia viboko," wangesema, na kila fundi mpya aliletwa kwangu kwanza ili nimfundishe. Niliwafundisha wengi. Wengine wakawa mafundi wakuu Lamu na Malindi, na mmoja ana karakana yake mwenyewe na hunipigia simu kila Idi na kila Krismasi, kwa sababu hakumbuki mimi ni wa dini gani.

Siku hizi nimestaafu, nakaa Ngao, nalima mpunga na migomba. Mashine za sasa zina kompyuta inayojipimia petroli yenyewe, na kijana anaunganisha waya, anasoma kwenye kioo, kisha anatupa plagi bila kuitazama. Sina ugomvi na kompyuta. Ila nikipita gatini na kuona plagi imetupwa, huiokota, huigeuza kwenye mwanga, na mara nyingine humrudia mwenye boti nikamwambia silinda yake ya pili inaumwa. Wananicheka, kisha wanaifungua, kisha hawacheki.

Mara kwa mara wananiuliza kwa nini mimi, niliyewafundisha mafundi wakuu, nilistaafu nikiwa fundi wa daraja la pili. Ni kweli. Doa lile halikutoka kwenye faili, na kila nafasi ya kupanda ilipotokea lilisomwa upya. Liliniuma, na siku nyingine bado huniuma.

Komora aliendesha ile boti miaka mingine tisa. Siku aliyostaafu alikuja moja kwa moja nyumbani kwangu akiwa bado na sare, akanipa barua aliyopewa na idara, akasema macho yake yamechoka, nimsomee. Nilimsomea yote kwa sauti, taratibu, kuanzia tarehe ya kuajiriwa hadi sahihi. Ilisema ametumikia kwa uaminifu na kwamba katika miaka yake yote hakuwahi kupata onyo. Akaniomba nimsomee tena hapo mwisho, nami nikamsomea.